Mnada kwa Bi Garrod

Ujagar, mdogo wangu,
barua yako imenikuta Ipswich kwa mwenye nyumba,
imelowa pembe moja, na wino wa neno "kodi"
umetambaa hadi kwenye jina la mama.

Unauliza nauza nini. Soksi. Tai za hariri ya uongo.
Sanduku lina ratili arobaini asubuhi,
na jioni, siku mbaya, arobaini na moja,
maana mvua ya Suffolk nayo hupanda bila nauli.
Watoto hukimbilia dirishani kuhesabu mikunjo ya kilemba changu.
Mbwa hawahesabu.

Lakini si hayo niliyotaka kukwambia.

Jumanne nilifika kwa Bi Edith Garrod,
mjane, ekari arobaini za udongo unaonata kama deni,
ambaye huninunulia uzi mweusi asiouhitaji.
Uwanja umejaa watu, mikono mifukoni,
kofia zimeshushwa hadi kwenye nyusi.
Katikati ng'ombe watatu, na dalali wa mjini, viatu safi.
Nikamuuliza kijana wa mhunzi: kuna msiba?
Akasema: kanisa linadai fungu la kumi.
Bei ya ngano imeshuka, fungu halikushuka.

Ujagar, nilidhani ni sisi tu.
Nilidhani mtu mweupe akizaliwa
hupewa shamba na cheti cha kutodaiwa.

"Nani pauni kumi?"
Kimya.
"Tano?" Kunguru akajibu kutoka mnara wa kanisa,
kunguru wa mdai.
"Moja, waungwana!"
Hata mimi, mwenye kikohozi tangu Novemba,
nilikimeza kama shubiri.
Ukikohoa mnadani, umenunua.

Hapo nikamwona maksai wetu mwekundu,
mwaka ule wa nzige, jumbe akimfungua kamba,
na baba amemshika mkia,
si kumzuia, kumshika tu.
Na majirani zetu? Walipandishiana bei.
Mjomba Natha ndiye aliyemnunua,
tukaishi miaka sita tukimsikia maksai wetu
akilia upande wa pili wa ukuta.

Saa nane dalali akafunga daftari.
Ng'ombe wakarudi zizini wenyewe, njia wanaijua.
Bi Garrod akanipa chai, akauliza:
"Na huko kwenu, nani anawadai?"
Kiingereza changu ni cha soksi.
Nikasema: "Ninyi, Bibi."
Chai ikapoa.
"Sijawahi kuiona hata senti moja," akasema.
Nikamwamini. Na nililosema lilikuwa kweli vilevile.

Sasa barua yako. Mabwana wa Lahore wamekuja na gari,
wakapanda juu ya magunia yetu, wakasema:
kwanza bendera, ardhi baadaye.
Wagujarati walipokataa kodi walisifiwa;
Wapunjabi tukikataa, tunavunja umoja.
Katibu wa chama wilayani ni mwana wa jumbe yuleyule,
amevaa khadi, na khadi yake
imepigwa pasi na binti wa mpangaji wake.
Na Waislamu wa ng'ambo ya mfereji
wana mkutano wao siku ileile,
kodi ileile, maji yaleyale.

Usiniulize nani mkweli kati ya Lahore na Delhi.
Niulize habari ya kimya.
Vuka mfereji kabla ya mavuno,
keti kwa Allah Ditta, mle wote, hata kitunguu.
Kubalianeni jambo moja dogo:
siku ya mnada, hakuna atakayetaja bei.
Anza na mjomba Natha. Huyo ndiye mlima.

Nakutumia shilingi kumi na mbili.
Usilipie kodi.

Haya naongeza kwa penseli.
Ijumaa nilipita tena, zizi lilikuwa tupu.
Waliwaleta wanunuzi kwa lori kutoka mbali,
watu wasiomjua Bi Garrod hata kwa jina.
Kwa hiyo, ndugu yangu, usiishie mferejini.
Nenda na vijiji vya mbali.